Kifaa chetu cha hewa kinapanda kila alfajiri: tukiamini?

"Naishi Tabata, Dar es Salaam, mita kama mia mbili kutoka barabara kubwa. Mwanangu wa miaka saba ana pumu. Miezi michache iliyopita tulichanga majirani wanne tukanunua kifaa cha kupima hewa, kile kinachounganishwa na wai-fai, tukakitundika barazani kwangu. Mchana kinasoma 20 au chini yake. Ikifika saa 11 alfajiri kinapanda hadi 120, programu ya simu inageuka nyekundu na kuandika hewa si salama. Saa hizo hakuna anayechoma taka, watu wamelala. Jirani mmoja anasema kifaa ni kibovu, tumepoteza hela. Mwingine anataka tukipeleke kwa mwenyekiti wa mtaa kiwe ushahidi, maana nyuma yetu kuna kiwanja wanachochomea taka kila jioni. Mume wangu anafikiria tuhame. Je, tukiamini? Tununue kingine cha bei zaidi? Na mtoto nimfanyeje, wakati saa 12 asubuhi anatakiwa awe anasubiri gari la shule?"

Dada, nianze na mtoto, kwa sababu suala la kifaa linaweza kusubiri na lake haliwezi. Hukuniambia kama anatumia dawa ya kila siku ya kuzuia pumu au anapuliza ile ya bluu anapobanwa tu. Jambo hilo lina uzito kuliko namba yoyote utakayoisoma barazani. Inhela ya bluu, yaani salbutamol, hufungua njia za hewa kwa saa chache. Uvimbe uliomo ndani ya njia hizo unabaki pale pale. Mtoto anayeihitaji zaidi ya mara mbili kwa wiki, au anayeamka usiku kwa kikohozi, pumu yake haijadhibitiwa, na anatakiwa aonwe na daktari ili dawa ya kila siku ijadiliwe. Angalia pia anavyopuliza. Bila chombo cha kupitishia dawa (spacer), kinachokaa kati ya inhela na mdomo, sehemu kubwa huishia mdomoni na kooni. Kama chombo cha dukani hakipatikani, chupa tupu ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitakoni tundu linalobana mdomo wa inhela hufanya kazi hiyo vizuri. Mwombe muuguzi akuonyeshe namna ya kuitoboa na kuitumia.

Na kuna dalili ambazo ukiziona hupaswi hata kuifungua programu ya simu: anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani kila anapovuta hewa, midomo inabadilika rangi, au amepuliza dawa ya bluu na hapati nafuu. Hapo ni hospitali moja kwa moja, usiku au mchana, huku mkiendelea kumpulizia njiani.

Sasa kifaa. Sidhani kimeharibika. Hewa yenu ya alfajiri ni chafu kweli, ila uchafu wake haufiki 120. Majirani zako wote wawili wameshika sehemu ya ukweli, ndiyo maana ubishi hauishi.

Kwanza tuhakikishe tunazungumzia namba ile ile. Programu hizi huonyesha kimojawapo kati ya vitu viwili: uzito wa vumbi laini katika hewa, kwa maikrogramu kwa kila mita ya ujazo, au AQI, ambayo ni faharasa ya kuanzia 0 hadi 500 isiyopima uzito wowote. Watu huzichanganya kila siku. Kwa mpangilio wa Marekani uliorekebishwa mwaka 2024, AQI ya 120 inalingana na maikrogramu kama 43 tu. Bahati nzuri umetaja rangi, na rangi imenisaidia: katika mpangilio huo AQI ya 120 ina rangi ya chungwa, nyekundu huanza 151. Kwa kuwa yenu inageuka nyekundu kwenye 120, naamini hizo ni maikrogramu. Ingia kwenye mipangilio ya programu uthibitishe; ukikuta µg/m³, ndizo. Hesabu zangu zote hapa chini zinafuata dhana hiyo.

Vumbi lenyewe ni lile linaloitwa PM2.5, chembe zenye kipenyo cha maikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa binadamu una unene wa maikromita 50 hadi 70, kwa hiyo utaona tunazungumzia vitu ambavyo pua na koo haziwezi kuvizuia. Huteremka hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na zile ndogo zaidi hupenya kuingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikaza viwango vyake: wastani wa mwaka usizidi 5, kutoka 10 ya awali, na wastani wa saa 24 usizidi 15, kutoka 25. Shikilia hapo kwenye neno wastani, tutalirudia.

Mashine rasmi za kupima PM2.5 hupima uzito hasa. Ama hewa huvutwa kupitia kichujio, kichujio kikapelekwa maabara, kikaachwa kwenye unyevu uliodhibitiwa na kuwekwa kwenye mizani. Ama vumbi hukusanywa juu ya utepe, mionzi ya beta ikapitishwa, na kiasi kilichozuiwa kikaeleza uzito. Hiyo ya pili huipasha moto hewa inayoingia ili maji yatoke kwanza. Mashine moja ya namna hiyo ni makumi ya maelfu ya dola, bado hujalipia kiyoyozi na fundi.

Chenu hakina mizani. Kina feni inayovuta hewa, mwali wa leza, na jicho la kielektroniki lililokaa pembeni mwa mwali. Chembe ikikatiza hutawanya mwanga, jicho linaona mmweko, na chipu inakadiria: mmweko wa ukubwa huu ni chembe ya ukubwa ule, na chembe kadhaa za namna hiyo zina uzito fulani. Makadirio hayo yaliwekwa kiwandani kwa kutumia moshi au vumbi la majaribio lililochaguliwa huko. Moshi wa mkaa, vumbi la barabara na hewa ya bahari ya Dar havikuwemo.

Unyevu ndio unaowavuruga. Alfajiri ya Dar mara nyingi hewa ina unyevu wa asilimia 85 hadi 95. Umeona chumvi inavyolowana kwenye kikopo ukikisahau wazi jikoni. Chumvi hiyo hiyo ipo hewani hapo Tabata, imeletwa na upepo wa bahari, na unyevu ukishavuka asilimia 75 hivi kila punje huyeyuka na kuwa tone dogo. Chembe za moshi nazo hufyonza maji, ingawa si kwa wingi huo. Chembe iliyovimba hutawanya mwanga mwingi kuliko ilivyokuwa kavu, na chipu haina namna ya kujua kwamba kilichoongezeka ni maji. Inaandika vumbi. Ikifika saa 4 asubuhi jua limekausha hewa, chembe zimenywea, namba imeshuka, na jirani anasema: si unaona, kibovu hiki!

Kosa hilo lina ukubwa gani? Watafiti wa Mamlaka ya Mazingira ya Marekani waliviweka vifaa vya PurpleAir, vya leza kama chenu, ambavyo ndani vina kihisi cha kampuni ya Plantower, kando ya mashine rasmi katika majimbo mengi, na mwaka 2021 wakachapisha kanuni ya kusahihisha. Unachukua namba iliyosomwa, unazidisha kwa 0.524, unatoa asilimia ya unyevu iliyozidishwa kwa 0.0862, kisha unajumlisha 5.75. Tuipitishe alfajiri yenu. 120 mara 0.524 ni 62.9. Unyevu tuseme ni 92, mara 0.0862 inakuja 7.9. Ukitoa na kujumlisha 5.75 unabaki na 61 hivi. Mchana, kifaa kikisoma 20 na unyevu ukiwa 62, unapata 11. Kanuni hii ilitokana na hewa ya Marekani na wastani wa siku nzima, na kifaa chenu huenda kina kihisi cha kampuni nyingine, kama Sensirion au Nova, kwa hiyo usiibandike ukutani kama kanuni ya Tabata. Nimeitumia ili uone kwamba namba ya alfajiri inaweza kuwa imezidishwa karibu mara mbili, na kwamba hata ukiipunguza kiasi hicho, kinachobaki bado ni kingi kwa kifua chenye pumu.

Sasa turudi kwenye wastani. Programu inapogeuka nyekundu kwa dakika ile, inachukua kipimo cha dakika na kukilinganisha na viwango vilivyowekwa kwa saa 24. Ndiyo maana jirani akipita na bodaboda inayotoa moshi, simu inapiga kelele. Kwa namba zilizosahihishwa, saa tatu za 61 na saa ishirini na moja za 11 zinatoa wastani wa 17 kwa siku. Hiyo imevuka 15 ya Shirika la Afya kidogo tu. Lakini nimechukulia jioni yenu ni 11, na wewe mwenyewe umesema jioni kuna kiwanja kinachochomwa taka nyuma ya nyumba. Pakua takwimu za saa 12 jioni hadi saa 4 usiku uzitazame. Umeniandikia habari za alfajiri na mchana tu, nami nashuku kwamba jioni ndiyo iliyo mbaya zaidi, ila haijawashtua kwa sababu moshi wake mnauona na mmeuzoea.

Kuna upande mwingine wa kosa ambao wauzaji hawausemi. Leza hizi hazioni vizuri chembe zilizo chini ya maikromita 0.3, na sehemu kubwa ya moshi mbichi wa dizeli ni chembe ndogo kuliko hapo. Hazioni gesi kabisa. Naitrojeni dioksidi inayotoka kwenye injini huchokoza pumu, na kifaa chenu hakiijui. Vumbi zito la barabara ya udongo nalo zinalipunja. Kwa hiyo ukisimama kando ya barabara ambako malori yanapanda mlima na simu ikaandika 25, usichukulie kwamba mtoto yuko salama hapo. Kama kifaa chenu kina pia namba ya "gesi" iliyotokana na kile kihisi cha bei ndogo sana cha MQ-135, ipuuze. Kinaitikia kila kitu, hata manukato na joto.

Unajiuliza moshi utatoka wapi na watu wamelala. Nina jibu lake. Jua likizama ardhi hupoa haraka, na hewa iliyolala juu yake hupoa pia, huku hewa ya juu ikibaki na joto. Hewa baridi ni nzito, haipandi. Inabaki chini, na vyote vilivyomwagwa ndani yake vinabaki humo. Upepo wa usiku unaotoka nchi kavu kwenda baharini ni dhaifu, mara nyingi haufiki hata kutikisa majani. Moshi wa taka za jioni, wa mikaa ya chakula cha usiku na wa malori yaliyopita usiku kucha bado uko mtaani saa 11. Juu yake yanaongezwa mapya: daladala za kwanza, mama lishe anayewasha mkaa wa chapati na supu, mlinzi aliyekoka moto wa kujipashia, mfagiaji anayekusanya majani ya mwembe na kuyatia kiberiti kabla hakujapambazuka. Halafu jua linachomoza, ardhi inapata joto, hewa inaanza kupanda na kuchanganyika, na kuelekea saa 5 upepo wa bahari unaingia na kuusukuma uchafu huo ndani zaidi ya nchi. Mchana wenu wa 20 umetokana na hayo. Wakati wa masika mtaona namba zinashuka kwa sababu mvua inasafisha. Msiharakishe kutangaza kwamba mtaa umebadilika.

Unaweza kutenganisha maji na moshi bila kutoa shilingi. Karibu vifaa vyote vya aina hii vina kihisi cha unyevu. Fungua grafu ya PM2.5 na grafu ya unyevu za usiku mmoja, zitazame pamoja. Maji hupandisha namba polepole, mstari laini unaokwenda sambamba na unyevu tangu saa 4 usiku hadi alfajiri. Moshi huruka. Unaona namba ilikuwa 50, ndani ya dakika tano imekuwa 140, baada ya nusu saa imerudi 60, na unyevu haukutikisika. Nikipewa grafu ya mtaa nisioufahamu, miruko hiyo ndiyo naitazama kwanza, kwa sababu kila mmoja una saa yake, na saa inakupeleka kwa mtu anayewasha kitu. Kwenu natarajia mtakuta vyote viwili: mlima mpole wa unyevu, na juu yake miiba ya saa 11 na nusu hivi.

Kabla hujaiamini miiba hiyo, kikague kifaa kilipo. Barazani ndipo watu wengi wa Dar huwasha jiko la mkaa. Kama lako au la mpangaji mwenzako linawashwa mita tatu kutoka kilipotundikwa, mnapima chai yenu. Kiwe mbali na jiko, na dirisha la jikoni na sehemu inayotoka hewa ya kiyoyozi, kwenye kimo cha mita mbili hadi tatu, chini ya paa ili mvua na jua la moja kwa moja visikifikie, lakini hewa ipite pande zote. Chungulia tundu la kuingizia hewa kila mwezi. Buibui hupenda sana humo, sisimizi pia, na uzi mmoja wa buibui ukikaa mbele ya leza unatoa namba kubwa usiku na mchana bila kushuka. Kipande cha chandarua juu ya tundu hutosha, msikibane mno.

Jambo la umeme naomba mlichukulie kwa uzito. Kifaa chenu kinategemea umeme na rauta. Umeme ukikatika kinanyamaza, na saa hiyo hiyo jenereta za mtaani zinawashwa. Takwimu zenu zinakosa saa ambazo hewa ni mbaya, na wastani wa mwezi unatoka mzuri kuliko hali halisi. Pawabanki inayoweza kuchaji na kutoa umeme kwa wakati mmoja inatosha kukiendesha kifaa usiku mzima. Kama mnatumia simu ya mtu kurusha mtandao, akiondoka nayo kwenda kazini mmepoteza mchana. Laini ya bando dogo ndani ya modemu ya zamani ni afadhali, kwa sababu kifaa hutuma maandishi machache kila dakika chache na hakili data nyingi. Na siku mkiandika taarifa, andikeni pia saa ambazo hazikurekodiwa.

Mnunue cha bei zaidi? Hapana. Kifaa cha bei mara tatu mara nyingi kina kihisi kile kile cha leza ndani, kimevishwa boksi zuri na skrini. Pesa hiyo nunueni cha pili kama hicho hicho mlicho nacho. Vitundikeni viwili pamoja, umbali wa shubiri, kwa wiki mbili. Vikikubaliana, mnajua kwamba mnachokisoma kinatokana na hewa na si ubovu wa kifaa kimoja. Kimoja kikisoma juu ya kingine kila siku kwa kiasi kile kile, andikeni tofauti hiyo na muiondoe kwenye hesabu. Baada ya hapo kimoja kibaki kwako na kingine kiende upande wa pili wa kiwanja cha taka. Hapo ndipo vifaa hivi vinapoonyesha thamani yao. Kwa kusema hewa ina maikrogramu ngapi hasa, ni dhaifu. Kwa kusema wapi ni kubaya kuliko wapi, na saa ngapi, vinafanya kazi nzuri ambayo mashine moja ya bei kubwa iliyokaa katikati ya jiji haiwezi kuifanya.

Mfano mzuri hatuutafuti mbali. Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, kilianzisha mradi wa AirQo mwaka 2015. Wahandisi wake walitengeneza vifaa vyao wenyewe vinavyostahimili vumbi na joto na kukatika kwa umeme, wakavitundika kwenye majengo, na vingine wakavifunga kwenye bodaboda vizunguke na madereva. Walichofanya ambacho mitaa mingi huruka ni kuviweka vifaa hivyo kando ya mashine ya mionzi ya beta na kutengeneza kanuni ya kusahihisha kwa hewa ya hapo hapo. Mtandao huo sasa umefika miji mingine ya Afrika. Umuhimu wake umeongezeka tangu mwaka 2025, Marekani iliposimamisha kutangaza vipimo vya mashine zilizokuwa kwenye balozi zake, ambavyo Kampala na Nairobi walikuwa wakivitumia kama kigezo. Kama kuna idara ya mazingira au uhandisi katika chuo kilicho karibu nanyi, pelekeni ombi la kuweka kifaa chenu kando ya mashine yao kwa majuma machache. Wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti hulipokea ombi la namna hiyo kwa furaha.

Kuhusu mwenyekiti wa mtaa: nendeni, lakini msiende na namba 120. Mkienda nayo, swali la kwanza litakuwa kifaa kimethibitishwa na nani, na hamtakuwa na jibu. Tanzania ina Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa za mwaka 2007, na kipimo cha kumshtaki mtu kinatakiwa kifanywe kwa njia inayotambulika. Chenu hakitafika huko, na si haki kumtuhumu jirani hadharani kwa kutumia leza ambayo unyevu unaiyumbisha. Kazi ambayo kinaweza kuifanya ni kumfanya afisa aje aone kwa macho. Wekeni daftari. Kila jioni kwa wiki tatu andikeni saa moshi ulipoanza, upepo ulitoka upande gani, kilichokuwa kinaungua kama kinaonekana (plastiki, matairi, majani), na kifaa kilipanda kutoka ngapi hadi ngapi. Piga picha ya moshi, siyo ya watu. Ukienda na kurasa hizo zinazoonyesha kwamba kila upepo unapotoka upande wa kiwanja kifaa kinaruka, na usipotoka huko hakiruki, umepeleka kitu ambacho afisa mazingira wa kata au afisa afya anaweza kukifanyia kazi. Msipopata jibu, NEMC, baraza la taifa la mazingira, hupokea malalamiko, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Ombeni uzoaji wa taka mtaani urekebishwe pamoja na katazo la kuchoma. Watu wengi huchoma kwa sababu gari la taka halikuja wiki mbili, na mkiomba katazo peke yake moto utahamia usiku wa manane.

Asubuhi ya mtoto, sasa. Asisubirie gari barabarani. Asubirie ndani au mlangoni, na mpange na dereva apige simu akikaribia. Dakika ishirini za kusimama kwenye moshi wa daladala zinazopiga ngurumo zikisubiri abiria zinaweza kumuumiza kuliko saa nzima ya barazani. Ombeni gari la shule lizime injini linapopakia. Dirisha la chumba anacholala lifungwe kuanzia saa 10 usiku hadi jua likolee, kisha nyumba ifunguliwe yote saa 4 hewa ipite. Hili lina sharti moja ambalo sitaki ulipite haraka: msifunge madirisha kama kuna jiko la mkaa ndani, hata kama limebaki na majivu mekundu tu. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini, na kifaa chenu cha leza kitakaa kijani huku ikiwajaa chumbani. Kama mnapikia mkaa ndani, kuhamia gesi au umeme, hata kwa chai ya asubuhi tu, kutampunguzia mtoto moshi mwingi kuliko chochote mtakachofanya kuhusu barabara.

Mashine za kusafishia hewa zenye kichujio cha HEPA, kinachonasa chembe ndogo sana, zinafanya kazi ya kweli, mradi chumba kifungike. Nyumba yenye madirisha ya nyavu au matundu ya hewa juu ya ukuta huingiza hewa mpya ya nje haraka kuliko mashine inavyosafisha, kwa hiyo kwanza kagua chumba, ndipo ukaulize bei. Barakoa ya kitambaa haizuii PM2.5 vya kutosha. Ya N95 inazuia ikiubana uso vizuri, lakini nyingi zimetengenezwa kwa uso wa mtu mzima, na mtoto mwenye pumu asivishwe bila daktari wake kusema. Mazoezi na mpira wa jioni hamishia mchana wa Jumamosi au wakati ambao grafu yenu inaonyesha hewa iko chini. Na unapompeleka kliniki, chukua daftari lile lile uongeze safu moja: siku alizokohoa usiku na siku alizopuliza dawa ya bluu. Daktari atapata picha ambayo dakika kumi za chumba cha mashauriano hazimpi.

La mumeo la kuhama sitalibeza. Kwa mtoto ambaye pumu yake haitulii hata akiwa kwenye dawa sahihi, kusogea mbali na barabara kubwa ni uamuzi wenye maana, na hilo mlizungumze na daktari wake. Ila wenye nyumba wa Dar wengi wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na nyumba mpya inaweza kuwa na mama lishe dirishani au dampo nyuma ya ukuta ambavyo hamkuviona mlipokwenda kuitazama saa 7 mchana. Mwombe mwenye nyumba awaruhusu kutundika kifaa cha pili pale kwa wiki moja, cha kwanza kikiendelea kusoma kwenu siku zile zile. Linganisheni saa 11 alfajiri na saa 1 jioni, nyumba kwa nyumba, ndipo mlipe.